Windows 11 kwenye saiba: apgredi sawa, lakini angalia inakumbuka nini

SWALI: Fundi habari yako. Niko na saiba ndogo hapa Luanda, Vihiga, mashine sita. Nne ni laptopu za EX-UK (mitumba kutoka Uingereza), zote HP EliteBook 840 G5, mbili ni desktop za kitambo za i3. Tangu Windows 10 ikatwe naona ujumbe kila asubuhi nihamie Windows 11. Laptopu tatu zinakubali, moja inakataa na ni kama zingine kabisa, na hizo desktop zinakataa kabisa kabisa. Wateja wangu ni wa iTax (kodi ya KRA), eCitizen (huduma za serikali), HELB (mikopo ya masomo) na wanafunzi wa Maseno wanaokuja kuprinti. Naogopa printa kukataa, naogopa bando, na kuna kijana ameniambia Windows 11 inapiga picha ya kila kitu kwa skrini. Kuna nini kipya ya kunisaidia kweli, niapgredi ama niachane nayo?

JIBU: Dadangu, salamu kutoka hapa Kisumu. Swali lako liko na maswali mengi ndani yake na yote ni ya kazi, kwa hivo nivumilie nitaandika kirefu. Jibu la haraka ni hili: hizo EX-UK zinazokubali apgredi, hizo desktop usizilazimishe, na kabla mteja wa kwanza hajakalia kiti, zima vitu kadhaa ambavyo Windows 11 inakuja navyo. Hiyo ya mwisho ndio wenye saiba hawaambiwi. Windows 11 imetengenezwa ikijua mashine moja ni ya mtu mmoja, kwa hivo inakumbuka sana, inamwekea mwenyewe faili zake, maandishi yake, skrinishoti zake, na kwa mtu na laptopu yake nyumbani hiyo ni raha. Kwako mashine moja inakaliwa na watu tofauti asubuhi mpaka jioni, na kila kitu inakumbuka ni cha mtu ambaye ashaenda nyumbani.

Tuanze na hii ya kukatwa manake watu wanaogopeshana. Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Microsoft ikaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Haimaanishi mashine itazima, itaendelea kuwaka tu na Chrome itafunguka tu, lakini shimo jipya la usalama likipatikana halizibwi tena, na mashimo yanapatikana kila mwezi. Mtu aliye na laptopu ya kuangalia mpira anaweza kusema potelea mbali. Wewe huwezi, kwa sababu kwa hizo mashine mtu anaandika PIN yake ya KRA, paswadi ya eCitizen, anaskani kitambulisho, mwanafunzi anaingiza namba ya akaunti ya benki kwa fomu ya HELB. Na tangu 2019 Kenya iko na sheria ya kulinda data ya watu, hiyo sheria haiangalii kama ofisi yako ni kubwa ama ni chumba kimoja kando ya barabara ya Busia. Kwa hivo kuachana nayo na kukaa hivo hivo kwa Windows 10 isiyo na apdeti, hapana, hiyo mimi siwezi kukushauri.

Sasa ile laptopu moja inayokataa. Hapa kuna mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya. Windows 11 inataka RAM GB 4 kwenda juu (ukweli ni kwamba chini ya 8 utaumia, Chrome peke yake itaimaliza), diski GB 64 kwenda juu, chipu ya TPM 2.0 (inatunza funguo za usalama), Secure Boot (ulinzi mashine ikiwaka), na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, ama kwa AMD zile Ryzen za 2000 kwenda mbele. Sasa 840 G5 inauzwa kama mashine ya kizazi cha 8, na nyingi ni hivo kweli, lakini HP iliitoa pia na prosesa za kizazi cha 7, mwili ule ule, stika ile ile, hata Lenovo T480 iko na hiyo mambo. Kwa macho huwezi kujua. Bonyeza ile batani ya Windows pamoja na R, andika msinfo32, uangalie mstari wa Processor. Ikisema i5-8250U ama i5-8350U, hiyo nane baada ya kistari ndio kizazi, uko sawa. Ikisema i5-7200U ama i5-7300U basi uliuziwa ya 7 na hakuna setingi itabadilisha hiyo.

Kama ni ya 8 na bado inakataa, hapo hapo kwa msinfo32 angalia BIOS Mode. Ikiwa imeandikwa Legacy, basi aliyeinstoli Windows 10 aliiweka kwa njia ya zamani, na hii naiona sana kwa mashine zinazofanyiwa fomati haraka haraka kabla ya kuuzwa. Hiyo inarekebishika bila kufuta kitu: kuna kifaa kiko ndani ya Windows 10 yenyewe kinaitwa mbr2gpt, unafungua ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt) kama administrator, kwanza unaandika mbr2gpt /validate /allowFullOS ione kama diski iko tayari, ikikubali unaandika mbr2gpt /convert /allowFullOS, halafu unaingia BIOS (setingi za mashine kabla Windows haijawaka) unabadilisha kutoka Legacy kwenda UEFI, ile njia mpya, na kuwasha Secure Boot. Bakapu kwanza lakini, diski ya mtu haichezewi. Ikiwa ni TPM ndio imezimwa, kwa BIOS ya mashine za Intel wakati mwingine inaitwa PTT, kwa AMD inaitwa fTPM, usitafute neno TPM peke yake ukaona kama haiko.

Ngoja hapo kabla hujaingia BIOS. Kuna jambo limeliza watu wengi na ningependa usiwe mmoja wao. Laptopu hizi za biashara nyingi diski yake imefungwa kwa BitLocker, na unaweza kuwa hujui, hakuna mahali inakuuliza kila siku. Ukibadilisha mambo ya Secure Boot ama TPM, mashine ikiwaka inaona kama imeibiwa na inakuambia leta funguo ya tarakimu 48. Ukikosa hiyo funguo hakuna fundi Kisumu, Nairobi ama Marekani atakufungulia hiyo diski, ukubali tu data imeenda. Kwa hivo fungua hiyo skrini nyeusi kama administrator uandike manage-bde -status. Ikisema Protection On, andika manage-bde -protectors -get C: na itakuonyesha hizo tarakimu, ziandike kwa karatasi, karatasi weka mahali unaweka leseni ya kaunti, na kabla ya kugusa BIOS andika manage-bde -protectors -disable C: -rebootcount 0 ndio isikuulize. Ukimaliza unairudisha na manage-bde -protectors -enable C:. Na ujue hii haiishi hapo, ukiinstoli Windows 11 ya 24H2 ama 25H2 (matoleo ya 2024 na 2025) upya kabisa kutoka sufuri na uingie na akaunti ya Microsoft, mashine nyingi zinafunga diski zenyewe bila kukuuliza na funguo inawekwa kwa hiyo akaunti. Sasa kama hiyo akaunti ni ya yule kijana aliyekuinstolia, na barua pepe yake hata hukumbuki, unaona shida iko wapi. Akaunti iwe yako.

Bando. Usidaunlodi mara nne. Ingia tovuti ya Microsoft, daunlodi ile faili ya ISO (Windows yote ndani ya faili moja) mara moja, ni zaidi ya GB 5, kama una rafiki na faiba nenda ufanyie kwake. Sasa fleshi nyingi zimefomatiwa FAT32 na hiyo haibebi faili inayopita GB 4, itakuambia ni kubwa hata kama fleshi ni ya GB 64, fomati hiyo fleshi iwe exFAT ndio uhamishe. Ukifika kwa mashine unaikopi kwa diski, unaibonyeza mara mbili inafunguka kama CD, unabonyeza setup na unachagua kubaki na faili na programu zako. Hapa watu wa EX-UK wanakwama: mashine zilizotoka Uingereza Windows yake mara nyingi ni English International, na ukidaunlodi ISO ya English ya Marekani, ile sehemu ya kubaki na programu inakataa kubonyezeka, inataka kufuta kila kitu. Andika dism /online /get-intl uone, ikisema en-GB basi daunlodi English International. Leseni haikusumbui, Windows 10 yako ikiwa ni halali, kuhamia 11 ni bure, Pro inabaki Pro. Kama ni ile ya kukraki na kale kaprogramu ka kuactiveti, hako kenyewe mara nyingi ndio mlango wa vairasi na nakuomba ukatoe hata kama hutaapgredi.

Stima unaijua vile iko huko kwenu mvua ikianza mawingu kutoka upande wa Kakamega. Fanya asubuhi, laptopu betri ikiwa imejaa, sio jioni. Na ukishaapgredi uko na siku 10 za kurudi Windows 10 kama kitu kimekataa, iko kwa Settings, System, Recovery. Siku hizo zikiisha inafuta ile ya zamani, kwa hivo ukiona kumi ni chache ziongeze mapema, amri ni DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60, na usikubali mtu akufanyie "usafi wa diski" katikati manake itaondoka na foda ya Windows.old na njia ya kurudi itakuwa imekwisha.

Haya, ni nini kipya. Wateja wataona menyu ya Start imeenda katikati, watauliza imepotelea wapi, unairudisha kushoto kwa Settings, Personalization, Taskbar. Ukibonyeza faili kwa kulia menyu ni fupi na vitu vingine vimefichwa chini ya Show more options, shika Shift ukibonyeza na itatoka ile ndefu ya zamani. Foda sasa zinafunguka nyingi ndani ya dirisha moja vile Chrome inafanya, na hii kwa mtu anaskani huku akitafuta faili za wateja ni nafuu kubwa. Faili za RAR na 7z zinafunguka bila WinRAR. Kile nakipenda zaidi kwa kazi yako ni Snipping Tool: mteja analeta picha ya barua kwa simu, anataka ichapwe, unaifungua kwa skrini, unaipiga, unabonyeza ile alama ya maandishi na inakutolea maneno yaliyochapwa ukayapesti kwa Word, sio lazima uchape ukurasa mzima. Inakosea pale picha iko na giza, soma tena kabla hujaprinti. Iko pia kubonyeza Windows na H unaongea inaandika. WordPad kwa 24H2 imeondolewa kabisa, kama kuna mzee alikuwa amezoea hiyo utamwonyesha Word ama LibreOffice.

Sasa tuje kwa kile kinaniumiza roho. Hiyo Snipping Tool nimesifu, kila skrinishoti inaiweka yenyewe kwa foda ya Pictures, ndani ya Screenshots, hata kama mtu hakusevu. Mteja anapiga skrinishoti ya risiti ya eCitizen, anaprinti, anaenda, picha inabaki. Kukaa mwezi mmoja hapo ndani kuna vitambulisho na PIN za nusu ya Luanda. Fungua setingi zake uzime kusevu kwenyewe. Notepad mpya nayo, mtu akichapa namba ya kitambulisho na paswadi aifunge bila kusevu, anayefuata akiifungua anapata hayo maandishi yako pale yanamngoja. Ilifanywa ndio usipoteze kazi stima ikipotea, ni kitu kizuri kabisa, lakini kwako ingia setingi za Notepad uiambie kila mara ianze upya. Ile menyu ya Start iko na sehemu ya Recommended inayoonyesha faili za mwisho zilizofunguliwa, yaani mtu anabonyeza Start tu anaona jina la CV ya jirani yake, barua ya kujiuzulu, karatasi ya korti. Zima hiyo kwa Settings, Personalization, Start, mahali pa kuonyesha faili za karibuni. Halafu klipibodi: mtu akibonyeza Windows na V akaiwasha, kuanzia hapo mashine inaweka vitu mpaka 25 vya mwisho vilivyokopiwa, na paswadi mtu aliyokopi kwa hiyo mashine inaweza kuwa moja yao. Ilikuwako hata Windows 10, sio geni, lakini wengi hawakuijua na sahii wanafunzi wanaijua. Settings, System, Clipboard, izime.

Njia safi zaidi kuliko kuzima moja moja ni hii, na ningekuwa na saiba ningeanza nayo: tengeneza akaunti ya pili kwa kila mashine, ya wateja, isiyo na barua pepe yoyote na isiyo administrator. Settings, Accounts, Other users, unasema huna taarifa za mtu huyo, halafu unachagua kuongeza mtu bila akaunti ya Microsoft. Wateja wakae humo, wewe ubaki na yako iliyo na paswadi. Hivo mtu hawezi kuinstoli kitu bila wewe, na vairasi ikija na fleshi ya mwanafunzi itapata nguvu kidogo tu. Hizo setingi nimetaja ziweke ukiwa ndani ya akaunti ya wateja, manake kila akaunti iko na zake, ukizizima kwako peke yako hujafanya kitu. Washa Storage Sense uiambie ifute Downloads kila faili isiyofunguliwa kwa siku moja na imwage takataka. Na brauza ifunguke kwa hali ya mgeni, Chrome inaita Guest, mtu akifunga dirisha historia na paswadi zake zinaenda. Hii moja, hata kama hutafanya lingine lolote kwa hili jibu, tafadhali ifanye leo.

OneDrive nayo usiisahau. Ukiingia na akaunti ya Microsoft inaweza kuwasha bakapu ya Desktop, Documents na Pictures, na ghafla skani za wateja ulizoweka Desktop zinapanda mtandaoni kwa akaunti yako, zinakula bando kimya kimya, na zile GB 5 za bure zikijaa inaanza kukusumbua ununue nafasi. Wateja hawakukubali vitambulisho vyao viende huko. Ingia setingi za OneDrive, simamisha bakapu, hakikisha faili zimerudi kwa mashine ndio uiondoe. Ukiiondoa kabla hazijarudi utadhani zimepotea.

Kuhusu yule kijana wa picha za skrini, hajakudanganya kabisa ila hiyo kitu haiwezi kuingia kwa mashine zako. Inaitwa Recall, Microsoft iliitangaza Mei 2024, watu wa usalama wakapiga kelele ikarudishwa nyuma, ikatoka Aprili 2025 ikiwa ni ya kuwashwa na mwenyewe. Na inataka mashine za aina ya Copilot+, zenye chipu maalum ya AI na RAM GB 16. 840 G5 haina hiyo chipu. Siku utanunua mashine mpya za hiyo aina kwa saiba, usiiwashe, na kwa hilo nakuunga mkono huyo kijana asilimia mia.

Printa. Ile iliyochomekwa kwa USB mara nyingi itabaki ikifanya kazi baada ya apgredi, ikikataa unaitoa kwa Settings, unadaunlodi drayva (programu inayoendesha printa) ya Windows 11 ama ya 10 kutoka kwa kampuni yake, unaweka upya. Ukiona mahali kwa setingi za printa pameandikwa Windows protected print mode, usiwashe, hiyo inakataa drayva za kampuni na printa nyingi za zamani zitanyamaza. Shida kubwa itakuwa pale mashine zingine zinaprinti kupitia mashine ya kaunta, ama zinaingia foda moja ya pamoja bila paswadi. Kuanzia 24H2, Windows 11 Pro imefunga ile njia ya kuingia kama mgeni bila paswadi, na inataka mawasiliano ya mashine kwa mashine yawe yametiwa sahihi. Utaamka asubuhi foda ya pamoja haifunguki na utalaumu waya. Mtandaoni utapata watu wanakuambia zima huo ulinzi, usifanye hivo. Kwa mashine ya kaunta tengeneza mtumiaji mmoja, mwite printa ukitaka, mpe paswadi, shea foda na printa kwake, halafu kwa kila mashine nyingine ingia kwa hiyo foda mara moja na hilo jina na paswadi ukikubali ikumbuke. Hapo ndio pahali pekee nakuambia acha ikumbuke, ila huyo mtumiaji usimpe uwezo wa kitu kingine zaidi ya hiyo foda na hiyo printa.

Kwa iTax kuna kitu watu watalaumu Windows 11 na sio yake, ni ya Office. Zile fomu za Eksel zenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) ukizidaunlodi, Eksel mpya inatoa mstari mwekundu na inakataa makro kwa vile faili imetoka mtandaoni. Kabla ya kufungua ile zip, ibonyeze kulia, Properties, weka tiki kwa Unblock, ndio uitoe. Fanyia hiyo fomu uliyoitoa mwenyewe kwa tovuti ya KRA peke yake. Fomu iliyokuja na fleshi ya mteja, mwambie tunadaunlodi mpya.

Zimebaki hizo desktop mbili. i3 za kitambo hazitakubali Windows 11 kwa njia ya halali, na kuna mafundi watakuambia wanaweza kuipitisha kwa Rufus (programu ya kutengeneza fleshi ya kuinstoli), na ni kweli inapita. Lakini Microsoft imesema wazi mashine kama hizo hazina haki ya kupata apdeti, unaweza kuzipata leo na kesho zikakosa, na kila toleo la mwaka halijileti lenyewe, unarudia kazi ile ile upya. Kwa laptopu yako ya nyumbani jaribu ukipenda, kwa mashine ya wateja mimi sifanyi. Ile ya kuongezewa muda kwa Windows 10 iko, inaitwa ESU, ya watu binafsi inafika tarehe 13 Oktoba 2026, ni dola 30 ama bure ukikubali kusink setingi zako na akaunti ya Microsoft. Lakini hiyo imewekewa mtu na mashine yake, biashara iko na bei yake ya dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza na inadabo kila mwaka, na kwa i3 ya kitambo hiyo pesa ni afadhali uweke kando ya kununua mashine nyingine.

Ningeziwekea Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, toleo la 22, lile la Xfce ambalo ni jepesi. Ni bure na apdeti zake zinafika 2029. Kazi ya eCitizen, HELB, barua pepe, kuprinti PDF, yote inafanyika kwa Firefox ama Chrome vile vile, na iko na LibreOffice ndani. Fomu za makro za KRA usizitegemee huko, mteja wa hiyo mpeleke kwa laptopu. Kama hizo desktop bado ziko na diski ya kuzunguka, badilisha uweke SSD hata ndogo, utashangaa mashine uliyotaka kutupa inawaka kwa sekunde chache. Ile diski uliyotoa usiuze vile iko, iko na mambo ya watu ya miaka yote hiyo, ama uifute yote kwanza ama uivunje.

Anza na laptopu moja tu, ile isiyo na kazi nyingi. Kaa nayo wiki, ujaribu iTax, printa, skana, foda ya kaunta, na uingie Start na Notepad kama mteja uone kuna mambo ya nani yamebaki. Ikiwa sawa ndio uende kwa zile zingine. Na hiyo moja inayokataa, niandikie vile msinfo32 imesema kwa Processor na kwa BIOS Mode. Ikiwa ni i5-7300U ama ya hiyo familia, rudi kwa aliyekuuzia na risiti umuulize vizuri tu kwa nini alikuandikia kizazi cha 8, na akikataa kubadilisha, hiyo nayo iwekee Mint iwe ya tatu.